Mwaka wa Gemu Zisizoshikika

Tulimzika Mama Ghati siku ya Jumatano, nyuma ya nyumba yake pale Nyanungu, na kabla maturubai hayajashushwa Chacha na Marwa walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu gemu. Watu wazima wenye familia, mmoja ana kitambi na mwingine ana upara, wamekalia viti vya kukodi na sahani za wali mapajani, wanaendeleza ubishi ule ule wa ujana wetu kana kwamba waliuacha jana jioni. Kilichonifanya nicheke msibani mpaka mke wa mchungaji akanigeukia ni kwamba walikuwa wamebadilishana pande. Chacha, aliyekuwa akiapa kwa jina la babu yake kwamba gemu isiyo na diski ni utapeli, siku hizi yeye na wanawe hununua gemu zao zote mtandaoni na hawana diski hata moja nyumbani. Marwa, ambaye ndiye aliyetuletea habari za duka la mtandaoni kutoka ng'ambo ya mpaka, alisema akaunti yake ilifungwa bila maelezo ya kueleweka, gemu alizokusanya miaka na miaka zikaenda nayo, na tangu hapo hanunui kitu ambacho hawezi kukifungia kabatini. "Walinitumia meseji ya mistari miwili tu," alisema. "Hata mtu akikufuta kazi anakuita ofisini kwanza." Kisha wote wawili wakanigeukia, maana zamani mimi ndiye nilikuwa mwamuzi. Niliwaambia mimi ni nesi, waniulize habari za presha. Nilikuwa nalitazama lile banda la mabati upande wa barabara, ambalo sasa wanahifadhia mahindi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga ua ule tangu asubuhi niliyoondoka nikiwa na miaka ishirini na mitatu.

Mambo ya kwetu Kisaka nitayaacha: nani alinizaa, tulikuwa wangapi, na kwa nini ng'ombe walihitajika nyumbani wakati ule. Kila nyumba ina sababu zake, na mara nyingi zinafanana. Inatosha kusema kwamba nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani miaka minne nikilima, halafu nikawa mke wa Mama Ghati. Watu wasio wa huku wakisikia hivyo hunikodolea macho, na najua wanachotaka kuuliza, kwa hiyo nijibu mapema: hapana, hakuna mambo ya kitandani. Ni nyumba ntobhu. Mama aliyefiwa na mume na ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Msichana yule atazaa na mwanamume atakayekubalika, na watoto watakuwa wa yule mama, wataitwa kwa jina la marehemu mumewe, na nyumba haitafutika. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mkamwana. Hakunipiga hata siku moja, wala hakuninyima chakula. Watu wakisikia habari za kufungwa hupenda awepo mlinzi mkali, na mimi siwezi kuwapa. Nilifungwa na mama aliyenikorogea uji wa ulezi kila asubuhi, kisha akanishika mkono kwa upole nikitaka kutoka uani bila yeye.

Mwaka ule dhahabu ilikuwa imeonekana upande wa pili wa kilima, na vijana waliingia kutoka kila upande, wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu wakiwa na sururu begani. Walichimba maduara, mashimo marefu ya dhahabu, kwenye mashamba ya watu, wakabeba mawe kwenye viroba mpaka kwenye makarasha, na makarasha yakasaga mawe mchana kutwa hadi vumbi lake jeupe likakaa juu ya kila kitu, majani ya migomba, sufuria, kope za macho. Wenye akili za haraka walifungua baa na magesti. Mama Ghati alifungua banda la gemu. Alikuwa hajui kusoma wala hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu, lakini alikuwa ameona kule Sirari mpakani jinsi vijana wanavyojazana kwenye banda la namna hiyo, na alikuwa na lengo lake ambalo hakulificha. "Ukitaka ng'ombe waje, huwakimbilii," aliniambia. "Unaweka chumvi." Chumvi ilikuwa televisheni nne na mashine zake. Ng'ombe walikuwa wale vijana. Kazi yangu ilikuwa kukaa mle, niwawashie, niwazimie muda ukiisha, na katika kukaa huko nimchague mmoja mwenye afya na adabu, nyumba ipate mtoto. Hakuwa na pupa. Jioni tukila, ugali wa mtama na muhogo kwa maziwa mgando, alikuwa akiuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, "Leo walikuja wanaume gani?"

Banda lenyewe halikuwa na dirisha. Dirisha lingeingiza mwanga kwenye vioo na mikono ya wezi kwenye pedi, kwa hiyo palikuwa na mlango mmoja wa kutokea barabarani na mwingine mdogo wa kuingilia jikoni kwa mama, na katikati ya milango hiyo miwili ndipo nilipouishi mwaka mzima. Mabenchi yalikuwa ya mbao mbichi zilizotoa utomvu. Kulinuka jasho, petroli ya jenereta, matope ya duara yaliyokaukia kwenye mabuti, na chapati ambazo mama alizisukuma jikoni makusudi ili harufu ipite kwenye ule mlango mdogo. Jua lilikuwa linachomoza na kuzama mimi nikilijua kwa joto la bati tu. Nilijua sauti za vijana kabla ya sura zao. Chacha nilimjua kwa kukohoa, kwa sababu alifanya kazi kwenye karasha na vumbi lilikuwa limeshamwingia kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mkarimu, mcheshi, na alipofungwa mabao alimpongeza mwenzake. Mama alimpenda tangu wiki ya kwanza. Nami sikumchukia, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Diski zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Asubuhi alinikabidhi, jioni alizipokea, akizigeuza moja moja kama mtu anayekagua kwato. Hakujua maandishi yaliyokuwa juu yake lakini alizijua kwa picha. Adui wa diski alikuwa vumbi. Chembe moja ikiingia kati ya diski na kile kijicho cha mashine kinachoisoma, diski inakwaruzika mistari, mpira unaganda hewani na mchezaji anasimama mguu mmoja juu. Tulizisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha khanga, njia ambayo kila mcheza gemu wa enzi zile anaijua, na zilipona siku mbili tatu kisha zikarudi kulekule. Zilipokufa kabisa, mtu alilazimika kwenda Sirari kuleta nyingine. Mtu huyo alikuwa mama mwenyewe. Siku hizo aliniacha nikimwangalia akipanda bodaboda kwa ubavu, kitambaa kichwani na kikapu mapajani, na mimi nilitamani Sirari kama wengine wanavyotamani Ulaya. Hata hivyo sitasema kwamba diski hazikunisaidia kitu. Diski mtu yeyote anaweza kuitumbukiza. Jumamosi, siku yetu ya sabato, nilipoenda kanisani na mama akabaki, alizitumbukiza yeye kwa kufuata picha, na kwa saa tatu nilikuwa barabarani, mwanga machoni, mimi na Biblia yangu.

Marwa alifika miezi minne baada ya banda kufunguliwa. Alikuwa kijana wa huku huku aliyekulia Isebania kwa wajomba zake, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo. Aliketi, akacheza dakika kumi, akaiweka pedi chini. "Hii mpira yenu ni ya mwaka gani?" aliuliza. "Huyu mchezaji si alistaafu?"

"Amestaafu kwenu," Chacha akamjibu. "Hapa bado anafunga."

Banda zima likacheka, lakini Marwa hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa kicheko. Alieleza kwamba kwao vijana hawabebi tena sidi. "Unaingia kwa duka ya mtandaoni, unachagua gemu, inashuka yenyewe kwa mashine. Haikwaruziki. Haiibiwi. Vumbi haiioni. Na hakuna mama wa watu ataumia mgongo kwenda Sirari."

"Nikiichoka naweza kuiuza?" Chacha akauliza.

"Hapana."

"Nikitaka kumwazima rafiki?"

"Rafiki anunue yake."

"Na bando likiisha gemu ikiwa nusu?"

"Unangoja."

"Basi hiyo si gemu, mura," Chacha akasema. "Hiyo ni hadithi ya gemu. Diski ni kama ng'ombe wa zizini, unamwona, unamshika sikio. Hiyo yako nitaishika wapi?" Wachimbaji wengine waliingilia kati, na kwa wiki kadhaa banda likawa bunge. Mmoja, aliyekuwa ameibiwa begi zima la diski akiwa gesti, alisimama na Marwa. Mwingine alisema kitu kinachotegemea mtandao huku kwetu ni sawa na kulima ukitegemea ndoto. Wapo waliotaka mpya kwa sababu ni mpya tu, na wapo waliopinga kwa sababu imeletwa na mtu wa ng'ambo. Mimi niliwapenda siku hizo. Ulikuwa ubishi wa kweli, kila mtu akiwa na sehemu ya haki, na ulinipa kitu cha kufikiri zaidi ya swali la jioni.

Siku moja walinipa simu ya Marwa niwasomee masharti ya lile duka, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na Kiingereza cha kuunga. Nilisoma mara mbili nisije nikawadanganya. "Wanasema hununui gemu," nikawaambia. "Unanunua ruhusa ya kuicheza. Gemu inabaki yao. Huwezi kumpa mtu mwingine, na ruhusa wakitaka wanaiondoa."

Chacha akapiga kofi gotini. "Si nilisema? Yaani iko nyumbani kwako, wewe ndiye unayeihangaikia kila siku, lakini yako siyo." Kisha, kwa utani ule wa mtu aliyeshinda, akaongeza, "Kama wewe na watoto utakaozaa hapa, Bhoke. Utawabeba, utawanyonyesha, lakini wa kwako siyo."

Hakuna aliyecheka. Nadhani yeye mwenyewe alisikia alichosema kikiwa kimeshatoka. Niliirudisha simu, nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya jiko la mkaa lisilo na moto. Nilikuwa nimelijua jambo lile tangu siku ya kwanza, lilikuwa ndiyo mila yenyewe, lakini sikuwahi kusikia likisemwa na mtu anayezungumzia mpira wa kwenye televisheni. Nilihisi aibu, halafu hasira, halafu kitu kibaya zaidi, kwamba Chacha alikuwa amesema kweli na ndiye mwanamume niliyekuwa naandaliwa kuzaa naye. Alinifuata mpaka kwenye ule mlango mdogo. "Nisamehe," akasema. "Mdomo wangu hauna breki." Nikamwambia nimesamehe. Kuanzia siku ile nilianza kuhesabu mabati ya dari.

Ubishi uliamuliwa na vita. Wachimbaji wawili waligombania diski ya mpira, kila mmoja akavuta, ikakatika kama kigae. Mama akaingia kutoka jikoni na unga mikononi, akaviokota vipande viwili, akavitazama, kisha akamwita Marwa. "Hiyo gemu yako isiyoshikika," akauliza, "inakaa wapi?"

"Inakaa kwa akaunti, mama."

"Akaunti inakaa wapi?"

Marwa akakuna kichwa. "Kwa jina la mtu."

"Basi weka jina la nyumba hii," mama akasema, na akataja jina la marehemu mumewe lote, kama anavyotajwa kwenye matambiko. Kadi za namba za kulipia alizinunua mwenyewe ng'ambo kwa maelekezo ya Marwa, na siku ya kufungua akaunti tulikuwa sisi watatu banda likiwa limefungwa. Mashine ikauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, na barua pepe. Marehemu hakuwa na barua pepe. Mimi nilikuwa nayo, tuliyofunguliwa shuleni. Mama alikuwa nyuma yangu. Hakujua kusoma. Nilitakiwa kuandika jina la marehemu, na vidole vyangu vikaandika Bhoke, kisha jina la baba yangu, kama nilivyoitwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Marwa aliona. Alinitazama, akaangalia pembeni. Mashine ikataka neno la siri, nikaliandika kwa mishale ya pedi, kadirisha ka njano kakihama kwenye kioo kutoka herufi hadi herufi, na kioo kikaandika "Karibu", na jina langu. Nilikuwa nimeiba, na nilifurahi kiasi kwamba ilinibidi nijifanye nakohoa vumbi.

Gemu ya kwanza ilishuka kwa siku tatu, modemu ikiwa imefungwa kwenye mti mrefu juu ya paa kama kuku wa kafara. Ilipowaka, Chacha mwenyewe alisogeza benchi karibu na kioo. Hakuna mstari, hakuna kuganda, nyasi za uwanja zinaonekana unyasi mmoja mmoja. Vijana wakajaa mpaka mlangoni, na mimi nikajidanganya kwamba sasa sitahitajika tena, kama lile sanduku la bati. Ikawa kinyume. Umeme ulipokatika, na ulikatika kila siku, mashine zilizimika, na zikiwaka zilisahau kila kitu na kuuliza upya: wewe ni nani, neno lako ni lipi. Diski ilikuwa haiulizi. Jumamosi ya kwanza nilijiandaa kwenda kanisani, mama akasimama mlangoni. "Ukienda, umeme ukikatika nani atafungua?" Nikasema nitamwandikia mtu neno hilo. Akakataa. Vijana wakipewa neno, alisema, watabeba nyumba. "Kumbe sasa diski ni wewe," akaniambia, kwa sauti ya kugundua, bila ubaya wowote. Ukivua nguo kwa ajili ya maji, huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimezivua mwenyewe kwa furaha. Kanisa likaisha. Kwenda kisimani kukaisha, maji yakaletwa na punda. Kuna mwezi mzima ambao sikumbuki kama mvua ilinyesha.

Katika mwezi huo dada yangu aliyeolewa Issenye alinitumia meseji. Alikuwa amenijazia fomu za chuo cha uuguzi kimya kimya kwa kutumia nakala ya cheti changu, na jina langu lilikuwa limetoka. Nilitakiwa kuripoti Jumatatu baada ya wiki mbili, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Niliisoma meseji ile nikiwa nimekaa nyuma ya vijana wanne wanaopiga kelele, na nikaisoma tena, nikaificha simu kifuani kana kwamba mtu angeweza kuifuta kwa macho. Jioni nilimwambia mama. Alitafuna, akameza, akanawa. "Chuo kitafungua gemu?" akauliza. Kisha akasema lile la kweli: "Wazee wataniuliza mke wangu yuko wapi. Niwajibu nini?" Sikulala vizuri. Nilimsikiliza akijigeuza upande wa pili wa ukuta, naye hakulala.

Asubuhi nilibadilisha neno la siri. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu kwenye kigoda na ungo wake, kama alivyoketi kila asubuhi nikiziwasha. Mashine ikanitaka nilirudie mara mbili, nikalirudia. Kisha nikazizima zote nne, nikageuka. "Mama," nikasema, "nimebadilisha neno. Niruhusu niende chuo, na neno nitakuachia. La sivyo hazitawaka." Sikuwahi kumsemesha mtu mzima namna ile. Aliinuka, akaufunga mlango wa barabarani kwa kufuli, akarudi jikoni na ungo wake.

Siku sita banda lilifungwa. Vijana walikuja wakagonga mabati, wakaketi kibarazani wakirushiana lawama. "Gemu zipo, zimelipiwa, na hazichezeki," nilimsikia Chacha akisema. "Diski ingekuwa ndani ya sanduku tungevunja sanduku." Marwa akamjibu kwamba tatizo si duka, tatizo ni watu. Nadhani hapo wote wawili walikuwa sahihi. Siku ya nne alikuja Mzee Mwita, ndugu wa marehemu, na mazungumzo yao yakanifikia kupitia ukuta wa jikoni.

"Mpige, atasema," mzee alisema.

"Simpigi."

"Basi unataka kumwachia. Sikiliza, shemeji. Akitoroka, hilo ni kosa lake na la kwao, tutawafuata watujibu. Lakini ukimruhusu kwa mdomo wako, umeiua nyumba ya ndugu yetu wewe mwenyewe. Na nyumba iliyokufa haina haja ya shamba wala ua. Vitarudi kwetu."

"Nimesikia," mama akasema. Nikasikia akimmiminia maziwa.

Nilielewa kwamba sote wawili tulikuwa tumefungwa mle ndani. Yeye asingeweza kuniruhusu hata angetaka, na mimi neno langu halikuwa na kazi, kwa sababu mtu asiye na ruhusa ya kutoa huwezi kumlazimisha akupe. Siku ya tano nilimtazama kupitia upenyo wa mlango akiwa ameketi peke yake mbele ya vioo vyeusi, mikono mapajani, na nikaona jinsi shingo yake ilivyokonda. Nilijichukia. Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeanza kugonga bati, niliamka nikiwa nimeshindwa. Hiyo ndiyo kweli, ingawa nimewahi kuisimulia tofauti. Nilikuwa nimeamua kumpa neno, kubaki, na kumwambia kwamba Chacha hana ubaya. Nikausukuma ule mlango mdogo.

Banda lilikuwa na mwanga. Kioo cha kwanza kilikuwa kinawaka, gemu zote zimejipanga, na juu kwenye kona jina langu. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na pedi mkononi. Pembeni yake palikuwa na ungo, na juu ya ungo punje zilizopangwa mistari mistari: mahindi, maharage, choroko, karanga.

"Nilikuja kukwambia neno, mama," nikasema.

"Usiniambie." Akaonyesha kwa kidole. "Kale kadirisha ka njano kakienda kulia, niliweka hindi. Kushoto, haragwe. Chini, choroko. Juu, karanga. Ukibonyeza, nilianza mstari mwingine. Ulirudia mara mbili, nikahakikisha. Mimi nimechunga ng'ombe, mkamwana. Njia nikiiona mnyama akipita, naijua."

Nikakaa chini. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaweza kufungua."

"Tangu ile asubuhi."

"Mbona hukufungua?"

Aliiweka pedi juu ya benchi taratibu. "Ningefungua siku ile ile, ungeona huna kitu mkononi. Ungekaa. Ungezaa na yule wa karasha, ungezeeka humu gizani ukinichukia kimya kimya. Mimi nilipoletwa hapa nilikuwa mdogo kuliko wewe, na sikuwa na kitu cha kumfungia mtu. Nikasema nikuache uwe nacho kidogo, labda utapata ujasiri. Naona unakuwa na huruma badala yake." Akajipangusa uso kwa kona ya khanga. "Siwezi kusema nenda. Umemsikia Mwita, najua ulisikia. Lakini sasa gemu zinawaka bila wewe. Huna cha kukungojesha."

"Watasema nimekutoroka. Watasema nimekuibia."

"Watasema. Mimi ndiye nitakayeanza kusema. Huku utakuwa mwizi, huko utakuwa nesi. Ukishafika mbali nitapiga yowe, ili waone nilipambana. Na usije kunisalimia. Ukija wakakuona nimekukaribisha, watajua. Usirudi mpaka nife."

Nilitaka kumshika. Alinionyesha mlango wa barabarani kwa kidevu, na kufuli lilikuwa tayari limefunguliwa, limening'inia. Nikamwamkia shikamoo, maana sikuwa na neno lingine, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndogo akiwa ameshageukia kioo. Nilitoka na begi la shule, cheti, na nguo mbili. Mwanga uliniumiza macho mpaka yakatoa maji. Kwetu yowe likipigwa, kila mwenye miguu hutoka na fimbo bila kuuliza, kwa hiyo nilitembea nikilingoja mgongoni kama mtu anayengojea jiwe. Nilipita makarasha, halikupigwa. Nikafika njia panda, nikapata bodaboda, nikamwambia dereva Issenye, tukapatana, nikapanda, na bado kimya. Tulishapita mteremko wa kwanza, nikaanza kudhani amebadili nia au ameogopa. Ndipo nikalisikia, mbali, kutoka kule kilimani. Maneno niliyajua kabla hayajanifikia, kaniibia, kaniacha, na nilijua anayapiga kwa ajili ya Mwita na wazee wenzake. Lakini tangu hapo nimekaa wodini miaka mingi, nimesikia wanaolia ili waonekane na wanaolia kwa sababu hawana jinsi, na naweza kuapa kwamba mama yule alikuwa analia kweli. Dereva akapunguza mwendo, akauliza kama turudi tukaangalie kuna nini. Nikamwambia aendelee.